Picha Nyeusi za Tumbo la Mama

Mama yangu alikuwa mtu wa kutangulia. Tulipokuwa wadogo, tukienda shamba la mpunga kule Maparoni, yeye ndiye aliyekanyaga tope kwanza, nasi tukafuata nyayo zake ili tusizame. Kwa hiyo siku dada yangu alipovuka kwa boti hadi Nyamisati, akapanda gari mpaka Kibiti kuja kuniambia kwamba mama sasa anatembea nyuma ya watu wote, moyo ulinipasuka paa.

"Anasimama kila hatua kumi," dada alisema. "Ukigeuka kumtazama, anajifanya anaangalia ndege."

Mimi nilikuwa mtu wa maabara katika kituo cha afya. Kazi yangu ilikuwa darubini: damu, mkojo, choo, makohozi, asubuhi mpaka alasiri. Nilimwambia dada amlete mama kesho yake. Alipofika nilimtoboa kidole, nikasoma kipimo, nikadhani nimekosea. Nikamtoboa kingine. Majibu yalikuwa yale yale. Damu yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba sikuelewa ametoka vipi kwenye boti kwa miguu yake.

Nikampa kikopo cha choo. Alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Choo changu nikupe wewe? Mimi niliyekutawaza?"

"Mama, hapa mimi si mwanao. Mimi ni mtu wa maabara."

"Basi mtu wa maabara aondoke, aje mwanamke."

Ikabidi nimwite muuguzi mmoja wa kike, naye akampokea kikopo hicho kwa kukifunika na khanga kana kwamba amebeba sahani ya futari. Nikaona mayai ya minyoo ya safura. Nilifurahi, nasema kweli. Minyoo ni ugonjwa unaoufahamu, unautia dawa, unaisha. Nikampa dawa ya minyoo, na chupa ya vidonge vya kuongeza damu vya mwezi mmoja. Nikamkabidhi dada mkononi.

"Hivi asiache hata siku moja," nilimwambia. "Hata akikataa, msimamie mpaka ameze."

"Atameza," dada alisema. Dada yangu ukimpa neno, umempa.

Baada ya miezi miwili mama alirudi, damu imeshuka zaidi. Safari hii minyoo haikuwepo. Lakini nilipopima choo kwa dawa ile inayoonyesha damu isiyoonekana kwa macho, kikageuka rangi pale pale. Mama alikuwa anavuja, ndani kwa ndani, wala hatukujua wapi.

Hapo ndipo safari za Dar es Salaam zilipoanza. Alilazwa, akaongezewa damu, akaingizwa mpira wenye kamera kupitia mdomoni, siku nyingine ukaingizwa kwa chini. Juu hakuna kidonda, chini hakuna kidonda. Daktari alinichorea kwenye karatasi: mpira wa juu unafika hapa, wa chini unafika hapa, na katikati akazungusha kalamu mizunguko mingi kama kamba iliyotupwa sakafuni.

"Huku kote hatuoni," alisema. "Ni utumbo mwembamba. Tukitaka kuona, labda tumpasue, na kwa damu aliyonayo simshauri mtu."

Ilikuwa miaka michache baada ya daraja la Rufiji kufunguliwa. Hospitali za watu binafsi zilikuwa zinachipuka Dar kila mtaa, na katika mojawapo alikuwa amefika daktari mgeni, bingwa wa matumbo, kwa muda wa wiki chache. Alikuja na vidonge vyenye kamera ndani, vichache tu, vya kujaribia, na alitafuta wagonjwa ambao wengine wameshindwa kuwagundua. Hakutaka malipo. Yule daktari wetu akaandika barua, na mama akapewa nafasi.

Siku mbili kabla, nilikwenda peke yangu kuchukua maelekezo. Sista aliyekuwa anasimamia kipimo, mwanamke wa makamo kutoka bara, mpole, alinipa fomu nijaze kwa niaba ya mgonjwa. Maswali yalikuwa mengi. Amewahi kupasuliwa? Hapana. Ana kisukari? Hapana. Anatumia vidonge vya kuongeza damu? Nikafikiri kidogo. Nilimpa vya mwezi mmoja, na mwezi ule ulishapita zamani. Nikaandika: Hapana.

Siku ya kipimo mama hakuwa amekula tangu jana yake. Walimbandika vijibandiko tumboni vyenye nyaya, wakamfunga mkanda kiunoni wenye kisanduku cha kupokea picha. Kidonge chenyewe kilikuwa kikubwa kama kokwa ya zambarau, na kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

"Kinapiga picha mbili kila sekunde," nilimweleza. "Kitapita tumboni kama chakula, kwa muda wa saa nane, halafu kitatoka chenyewe."

"Kitatoka wapi?"

"Kwa njia ya haja, mama."

"Na huko nako kinapiga picha?"

Sista alicheka, akamwambia betri itakuwa imekwisha. Mama hakucheka. Alikishika kidonge kile kwa vidole viwili, kikawa kinawaka juu ya kucha zake, akasema bismillahi, akakimeza kwa maji. Akatulia, akashika tumbo lake kwa kiganja kama mtu anayesikiliza mlango.

Kisha zikaja siku za kukisubiri kitoke. Tulikuwa tumefikia kwa jamaa, Mbagala, na sista alikuwa ametuonya: kisipotoka, maana yake kimekwama, na kikikwama ni kisu. Kila mama alipotoka msalani nilikuwa namwangalia uso. Siwezi kumuuliza, yeye hawezi kuniambia. Dada ndiye aliyekuwa mjumbe kati yetu. Siku ya kwanza alitikisa kichwa. Siku ya pili alitikisa kichwa. Nilikosa hamu ya kula. Nikawa nahesabu haja za mtu mwingine. Siku ya tatu asubuhi dada alinijia mbio uani, ananong'ona huku anatabasamu, "Kimetoka! Ila amekataa nikitazame zaidi."

Majibu yalitoka wiki iliyofuata. Daktari mgeni alikuwa na haraka, lakini alinipa kiti. Alinieleza kwamba picha za mgonjwa mmoja ni zaidi ya elfu hamsini, na daktari akizitazama zote macho yanachoka, anaanza kupitwa. Kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa wanajaribu programu ya kompyuta inayochuja kwanza. Inaondoa picha zinazofanana, inaondoa zisizoonyesha kitu, na zile zenye wekundu unaotiliwa shaka inazitia alama. Daktari anabaki na chache za kutazama kwa makini.

"Nimezitazama za mama yako mara mbili," alisema. "Safi. Sikuona mahali panapovuja."

Neno "safi" nilitoka nalo mlangoni, nikafika nalo Kibiti. Nilitaka kulifurahia likakataa. Kama ni safi, damu inakwenda wapi?

Mama akabaki kwangu Kibiti, dada akarudi Maparoni maana mpunga ulikuwa unachanua na ndege hawangoji mtu. Siku ya tisa au ya kumi, wakati wa adhuhuri, nilirudi nyumbani kula nikamkuta mama amekaa sakafuni mwa jikoni, mgongo umeegemea ukuta, sufuria ya mboga imepinduka kando yake.

"Sikuanguka," alisema kabla sijauliza. "Nimekaa tu."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaenda kumfungia nguo zake nimpeleke alazwe. Kwenye mkoba wake, chini ya khanga na tasbihi, nikaikuta chupa. Haikuwa ile ya kwangu. Ilikuwa mpya, ina nembo ya duka la dawa, na vidonge vilikuwa vimebaki chini kidogo. Vidonge vya damu.

"Mama, hivi umepata wapi?"

"Dada yako ananinunulia. Vile vyako vilipokwisha alinunua Nyamisati, dukani. Si ulisema nisiache hata siku moja?"

"Hata tulipokuwa Mbagala?"

"Hata Mbagala. Kila asubuhi. Siku ile tu ya kidonge cha taa ndiyo sikumeza, walisema nisile kitu."

Nilikaa pale pale sakafuni pembeni yake. Nilipokuwa nasomea kazi, vidonge kama hivi vilitoka zahanati, vimeandikwa kwenye kadi, na mhudumu angejua nani amepewa nini. Sasa duka la dawa lilikuwa kila kona, unanunua kama unavyonunua chumvi. Dada alikuwa amefanya nilivyomwambia. Na mimi, ninayejua kabisa kwamba vidonge hivyo vinageuza choo kuwa cheusi kama masizi, ninayewakataza wagonjwa wangu kila siku kabla ya kipimo, nilikuwa nimeshika kalamu nikaandika Hapana bila kumuuliza mwenye tumbo.

Nilimpeleka mama kulazwa, akatundikiwa damu. Kesho yake alfajiri nikapanda basi la Dar. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta sista kwenye chumba chake, anapakia vitu kwenye maboksi. Daktari alikuwa anaondoka baada ya siku nne.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Nikamwambia moja kwa moja kwamba nilidanganya kwenye fomu, kwa kutojua, na kwamba mama alikuwa anameza vidonge vya damu mpaka siku moja kabla ya kipimo. Alisimama kidogo na boksi mikononi.

"Ndiyo maana," alisema.

"Ndiyo maana nini?"

Akaweka boksi chini, akawasha kompyuta. Alinionyesha kwenye skrini mstari mrefu unaowakilisha safari ya kidonge, tangu mdomoni hadi mwisho. Nusu ya mwanzo ilikuwa imejaa alama za picha zilizobakizwa. Karibu na mwisho wa utumbo mwembamba palikuwa patupu.

"Hapa programu ilitupa picha nyingi mno," alisema. "Tulidhani ni mabaki ya chakula. Ikiona picha nyeusi, isiyoonyesha ukuta wa utumbo, inahesabu haina faida, inaitoa. Daktari haletewi."

"Zimefutwa?"

"Bado. Zipo kando. Zitafutwa mashine ikirudishwa."

Daktari alipoingia nikarudia ungamo langu kwa Kiingereza changu cha maabara. Nilitegemea agombe. Alivua miwani, akajifuta macho, akasema vidonge vya kamera vimekwisha, hawezi kurudia kipimo. Halafu akaniuliza nafanya kazi gani.

"Natazama darubini. Miaka kumi na mbili."

"Basi keti," alisema. "Nina wagonjwa mpaka jioni. Wewe na sista zitazameni hizo zilizotupwa. Mkiona chochote kisichokuwa cheusi, andikeni saa yake."

Nikaketi. Ni vigumu kueleza siku mbili zile. Wingi wake ni weusi: weusi unaong'aa, weusi wenye mapovu, weusi kama lami, picha baada ya picha. Mara chache sana pembeni panatokea kipande cha ukuta wa utumbo, cha waridi, chenye vinyweleo laini kama zulia, kisha kinafunikwa tena. Siku ya kwanza nilikuwa naona haya. Hili lilikuwa tumbo la mama yangu, mwanamke aliyekataa nishike kikopo chake, nami nimekaa na mwanamke mgeni tunalitazama kwenye kioo. Baada ya saa kadhaa haya iliniisha, ikabaki hofu tupu. Nilikuwa nahofia kupepesa macho.

Mchana wa siku ya kwanza umeme ulikatika. Ilikuwa miaka ya mgao, na jenereta la hospitali lilichukua muda kuamka. Skrini ilizimika tukiwa katikati. Nilimshika sista mkono bila kujua.

"Zipo, kaka," alisema. "Hazijaenda popote. Niachie mkono."

Ilipowaka tukaanza tena nyuma kidogo, nisije nikaruka hata moja. Jioni hatukuwa na kitu. Nilipiga simu Kibiti, wakaniambia mama amekula uji, na kwamba ile damu aliyoongezewa imeanza kushuka tena.

Siku ya pili, kama saa tano asubuhi, mkono wangu ulisimama wenyewe juu ya kitufe. Kwenye darubini huwa hivyo pia. Mkono unajua kabla yako. Nilirudi picha tatu nyuma. Upande wa kushoto, nyuma ya weusi, palikuwa na kitu cha mviringo, cha rangi nyekundu iliyoiva, kimetuna kutoka ukutani, na juu yake kijidonda kama ncha ya msumari. Picha iliyofuata nayo kilikuwepo, kimefunikwa nusu. Ya tatu kimebaki ukingo. Ya nne ni lami.

"Sista."

Alisogea. Akatoka, akarudi na daktari, na nyuma ya mlango nilimsikia mgonjwa fulani analalamika kaachwa kitandani.

Daktari alizitazama picha zile tatu, mbele, nyuma, mbele. Sijui ni dakika ngapi. Nilikuwa namtazama yeye shingoni, maana uso wake sikuuona.

"Ni uvimbe," alisema mwisho. "Na unavuja."

"Ni saratani?"

"Picha haiwezi kuniambia hilo. Lakini sasa mpasuaji anajua aende wapi."

Akanieleza kwamba programu haikukosea kwa akili yake yenyewe. Ilifundishwa kwamba nyeusi ni takataka, ikatupa takataka. Aliomba ruhusa ya mama achukue picha zile, bila jina, akawaonyeshe wenzake wanaoitengeneza. Niliahidi kuuliza. Safari hii nilisema nitauliza kwanza.

Mama alipasuliwa Dar siku sita baadaye. Nilitoa damu chupa moja, na jamaa wa Mbagala wakatoa nyingine. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji na mkono uliofungwa pamba. Nilikuwa sijamwambia mama kosa langu. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba tumepata kitu. Nilijiambia nitamwambia akizinduka, kisha nikawaza: na asipozinduka?

Alizinduka. Walikata kipande cha utumbo kisichofika shubiri moja, wakaunganisha. Uvimbe ulipelekwa kupimwa, na kwa wiki mbili na nusu sikulala usingizi uliokamilika. Majibu yalipokuja, haukuwa wa kuenea. Mama aliposikia alisema alhamdulillahi mara tatu, akaomba apewe pilipili kwenye mchuzi.

Nilimwambia siku ile ile, wodini. Nilimweleza fomu, swali, na neno nililoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliulizwa mimi nameza nini, ukajibu wewe."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Mbagala."

"Mbagala si mbali," alisema. Akageukia upande wa pili, na kutwa nzima hakunisemesha. Kuhusu zile picha, alinijibu kesho yake: wazichukue, maadamu hazina uso.

Lakini aliyebaki ni dada. Wakati wote ule alikuwa Maparoni na mpunga, na habari alizipata vipande vipande kwa simu za watu. Ilinifikia kwamba anawaambia majirani yeye ndiye aliyempa mama dawa iliyoharibu kipimo, na kwamba ameacha kula vizuri. Nilikuwa nimemwambia kwa simu siku ile ya chupa, nikiwa na hasira isiyo na mwenyewe, "Kwa nini ulinunua bila kuniuliza?" Kisha mtandao ukakata, na sikumpigia tena.

Mama alipopata nguvu ya kukaa na jamaa, niliomba ruhusa kazini, nikaenda Nyamisati, nikavuka. Nilimkuta dada shambani, juu ya dungu, ameshika kamba za makopo anazozivuta kufukuza ndege. Aliniona tangu mbali wala hakushuka. Nikapanda ngazi, nikakaa pembeni yake.

"Mama?" aliuliza.

"Anadai pilipili."

Akavuta kamba, makopo yakalia, kundi la ndege likaruka likatua mbele zaidi.

"Dada, uliyefanya kosa ni mimi. Wewe ulifanya nilichokwambia. Mimi ndiye niliyeulizwa nikajibu bila kujua."

Macho yake yalikuwa kwa ndege.

"Ulinigombeza kwenye simu," alisema.

"Nilikugombeza."

"Nikawa kila nikilala namwona mama ananifungulia mdomo nimtie kidonge. Kama mtoto. Hakukataa hata siku moja, unajua? Wewe ulisema atakataa. Hakukataa."

Akaanza kulia, bila sauti, mkono ungali unavuta kamba. Nilitaka kumshika bega, nikaona aibu, nikazichukua zile kamba mikononi mwake nikawa navuta mimi. Sikuzizoea. Nilivuta ovyo, na ndege wakajua, wakarudi.

"Siyo hivyo," alisema, anajifuta kwa ncha ya khanga. "Vuta, achia. Vuta, achia. Utawaachia mpunga wote."